Kwa nini fundi huchomoa kichwa cha betri: risasi ya Mpanda, dainamo na alteneta

Umewahi kuona hii. Gari limewashwa, bonneti iko juu, fundi ameshika spana namba 10. Anasema, "Ngoja tuone kama inachaji." Analegeza kichwa cha waya hasi, anakichomoa kwenye betri, anasikiliza. Injini inaendelea kunguruma. Anatabasamu, anakirudisha: "Iko poa, alteneta inachaji." Unalipa, unaondoka.

Nimeiona Mpanda mjini, Tabora, Sumbawanga na Ubungo. Nimeona fundi mzee akiifanya kwa Land Rover ya misheni, na kijana wa miaka 20 akiifanya kwa Noah yenye kompyuta mbili. Kipimo ni kilekile, lakini magari hayafanani hata kidogo, na kwenye gari la pili kipimo hicho kinaweza kuua kifaa cha laki kadhaa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nilianza kujiuliza: kilitoka wapi? Nani alimfundisha yule aliyemfundisha huyu kijana? Jibu limenirudisha nyuma zaidi ya nilivyotegemea, na safari yenyewe inaanzia kwenye reli ya Mpanda.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 za porini, lilifunguliwa mwaka 1950, na sababu yake kubwa ilikuwa moja: madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba hapa Mpanda galena, jiwe zito linalong'aa kama kioo kilichovunjika, ambalo kikemia ni risasi na salfa. Ndani yake kulikuwa pia na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Jiwe lilisagwa, likachujwa, mchanga wake ukapakiwa kwenye mabehewa kwenda Kaliua, Tabora, na hatimaye baharini. Kwa muongo mmoja hivi Mpanda ilikuwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na ndiyo iliyoendelea kubeba watu, mahindi na mifugo.

Neno lenyewe linapendeza. Kwa Kiswahili risasi ni kitu kinachotoka kwenye bunduki, lakini ni pia ile metali laini, na ni pia ile anayochomelea fundi redio. Tumelichukua kutoka Kiarabu, na maana zote tatu zina ukweli, kwa sababu kitu chenyewe ni kimoja: metali nzito, laini, inayoyeyuka kwa moto wa mkaa wa kawaida, nyuzi 327 tu za Selsiasi. Hilo la kuyeyuka kirahisi likumbuke. Litarudi mwishoni, na halitarudi kwa wema.

Sasa, katika miaka ile ya 1950 dunia ilikuwa inaitaka risasi kwa ajili ya nini? Rangi za nyumba, maganda ya nyaya za simu za chini ya ardhi, mabomba, risasi za bunduki, petroli, na betri. Leo zaidi ya asilimia 80 ya risasi yote duniani inaishia kwenye betri. Hilo boksi jeusi chini ya bonneti yako lina kama kilo 10 za risasi ndani yake. Ukibeba betri mkononi ukahisi mkono unataka kuchomoka, sasa unajua unabeba nini.

Betri ya risasi na asidi ni teknolojia ya zamani kiasi cha kushangaza. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, miongo kadhaa kabla ya gari. Alichukua karatasi mbili za risasi, akazitumbukiza kwenye asidi ya salfa, akapitisha umeme. Moja ikavaa koti la oksidi ya risasi. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, akaja na wazo la kupaka uji wa oksidi kwenye bamba, na uwezo wa betri ukapanda sana. Toka hapo, kwa kweli, hatujabadilisha mengi. Bamba la risasi upande huu, bamba la oksidi ya risasi upande ule, asidi katikati. Ukitumia umeme, mabamba yote mawili yanageuka taratibu kuwa salfeti ya risasi. Ukichaji, yanarudi. Kila chumba kinatoa volti 2.1 hivi; vyumba 6 vinakupa 12.6, na ndiyo sababu betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 na si 12 kamili.

Kidogo nitoke nje ya mada, maana hii huwa naiona tamu mno. Mwaka 2011 kundi la wanafizikia lilichapisha hesabu zikionyesha kwamba sehemu kubwa ya zile volti 2.1, kama 1.7 au 1.8 hivi, inatokana na nadharia ya Einstein ya uhusianifu. Kiini cha atomu ya risasi kina protoni 82, elektroni za ndani zinakwenda kasi kubwa mno, na kasi hiyo inabadilisha nishati ya elektroni za nje. Bati, ambalo kwenye jedwali la elementi limekaa juu kidogo tu ya risasi, halitoi betri nzuri. Kwa maneno mengine, bila Einstein Fuso lako haliwaki asubuhi.

Magari ya mwanzo hayakuhitaji betri kubwa. Uliwasha kwa kuzungusha hendeli mbele ya injini, na hendeli ikirudi kwa ghafla ilivunja mkono. Mwaka 1912 Cadillac zikatoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering wa Marekani. Stata inakula ampea nyingi sana kwa sekunde chache, mia moja na hamsini, mia mbili, injini ya dizeli ikawa ya baridi hata zaidi. Betri ya risasi inaweza kutoa mkondo huo bila kulalamika. Toka hapo, mwaka hadi mwaka, magari yakazidi kubeba kilo kadhaa za risasi. Na kwa taarifa yako, katika maabara aliyoiongoza Kettering huyohuyo, mwaka 1921, Thomas Midgley aligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali ya risasi kwenye petroli kinazuia injini isigonge. Basi risasi ikaingia kwenye gari mara mbili, chini ya bonneti na ndani ya tangi. Ile ya tangi tulikuja kuiondoa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Ile ya bonneti bado tuko nayo.

Lakini betri ikishatoa umeme kuwasha gari, nani anairudishia? Dainamo. Hapa ndipo hadithi ya fundi wetu inapoanza.

Land Rover ilitoka mwaka 1948, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa gari la bwana shamba, misheni, mgodi na polisi huku magharibi. Dainamo yake ilikuwa ya Lucas, silinda nyeusi ndefu pembeni mwa injini. Ndani yake koili inazunguka katikati ya sumaku, na umeme unachukuliwa na brashi za kaboni zinazosugua vipande vya shaba. Vile vipande vinageuza mkondo uende upande mmoja kimakanika tu, hakuna uchawi. Dainamo ya kawaida ya Lucas ya wakati ule ilitoa kama ampea 22 ikiwa imekolea. Zidisha na volti 12: wati 264. Taa mbili kubwa za mbele zinameza kama wati 100. Kinachobaki unaweza kujihesabia.

Na "ikiwa imekolea" ndiyo penyewe. Dainamo ikizunguka polepole haitoi kitu. Gari likiwa limesimama linanguruma tu, au linatambaa kwenye tope kwa gia ya kwanza msimu wa masika, taa nyekundu ya chaji inawaka kwenye dashibodi na betri ndiyo inayobeba mzigo wote. Dereva wa zamani wa barabara ya Inyonga alikuwa anajua: usiku ukikwama, zima taa.

Kulikuwa na jambo la pili. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule yalifunga upande chanya wa betri kwenye bodi, sio hasi kama leo. Land Rover ilibaki hivyo hadi karibu mwaka 1967. Dainamo haikujali; ukitaka kuigeuza, uligusisha waya kidogo kuiwekea sumaku upya, basi. Taa hazijali, stata haijali. Yaani umeme wa gari lile ulikuwa kitu cha kusamehe. Uliunganisha vibaya, ukaona cheche, ukageuza.

Kwa dainamo, kuchomoa betri injini ikiwa inazunguka kulikuwa kipimo chenye akili. Kama dainamo imekufa, koili ya moto inakosa umeme na injini inazima papo hapo. Kama ni nzima, injini inaendelea. Haikuwa salama kabisa, ukikanyaga mafuta balbu ziliweza kuungua, lakini kwenye gari zima hapakuwa na kipande hata kimoja cha silikoni cha kuua. Mafundi waliokuwa na voltimita walikuwa wachache. Masikio kila mtu alikuwa nayo.

Halafu ikaja alteneta. Chrysler ya Marekani iliiweka kwenye gari dogo la Valiant mwaka 1960 na mwaka uliofuata ikaisambaza kwenye magari yake yote. Land Rover ikaifuata mwaka 1971 na toleo la Series III. Alteneta imegeuza dainamo ndani nje: sumaku ndiyo inazunguka, koili zinazotoa umeme zimetulia kwenye ganda. Umeme mzito haupiti tena kwenye brashi, kwa hiyo inaweza kuzungushwa kasi mara mbili au tatu ya injini, na inachaji hata gari likiwa limesimama. Tatizo ni kwamba inatoa mkondo geu, unaokwenda mbele na kurudi, na betri haiutaki huo. Dawa yake ni diodi, vipande vya silikoni vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu kama vali ya pampu. Alteneta ya kawaida ina 6 kubwa. Wazo la alteneta lilikuwepo zamani. Iliyokuwa inasubiriwa ni diodi ya bei nafuu inayovumilia joto la injini.

Sasa rudi kwa fundi wetu na spana yake. Anapochomoa kichwa cha betri alteneta ikiwa inamwaga ampea 30 au 40, umeme ule unakosa pa kwenda. Kidhibiti kinajaribu kukata, lakini sumaku ya ndani haiwezi kufa hapohapo. Inahitaji sehemu ndogo ya sekunde kupungua. Katika muda huo volti kwenye mfumo mzima zinaruka kutoka 14 kwenda makumi kadhaa, zinaweza hata kukaribia 100. Betri ndiyo ilikuwa inanyonya mshtuko, kama springi, na wewe umeiondoa. Kinachopokea sasa ni diodi, redio, kompyuta ya injini, kidhibiti cha eabegi. Mara nyingine hakuna kinachotokea, kwa sababu betri ilikuwa imejaa na mkondo ulikuwa mdogo. Ndiyo maana kipimo hiki kimeishi muda mrefu: hakiui kila mara. Diodi moja inachoka, alteneta inachaji nusu, na wiki 3 baadaye mteja anarudi analalamika kuwa betri aliyouziwa ni feki.

Kwa nini hakikufa na dainamo? Mimi nadhani ni ile miaka ya shida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda, fedha za kigeni hazikuwepo na spea hazikuwepo. Magari ya zamani yaliendeshwa mpaka yakaisha kabisa. Fundi aliyekuwa bora ni yule aliyejua kusuka koili upya kwa mkono, kuchonga brashi ya kaboni kutoka kwenye betri kavu iliyokufa, kuyeyusha bamba la betri bovu na kumimina kichwa kipya cha betri. Ujuzi wa dainamo haukuwa mambo ya makumbusho. Ulikuwa mkate wa kila siku. Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni mwaka 1984, na soko likazidi kufunguka katika miaka iliyofuata, magari ya Kijapani yaliyotumika yakamiminika, yote yana alteneta, yote hasi kwenye bodi. Gari lilibadilika ndani ya miaka michache. Darasa la fundi, ambalo ni kusimama nyuma ya bega la mkubwa wake, halikubadilika. Simlaumu. Hakuna aliyemletea kitabu.

Kipimo sahihi, kama unataka kumpa mtu, ni malti mita ya bei ya sahani chache za chipsi. Injini imezimwa: 12.4 hadi 12.6 ni betri nzuri. Injini inazunguka: kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji. Chini ya 13, haichaji. Zaidi ya 15, kidhibiti kimekufa na betri itachemka. Washa taa na feni usome tena. Zikishuka sana, kuna jambo. Huchomoi chochote.

Nije kwenye jambo ambalo wengi mnaniuliza, kwa sababu Katavi ya leo haidai wati 264. Gari la watalii la hifadhini lina friji, redio ya mawasiliano, taa za ziada na soketi 6 za kuchaji simu na kamera. Pikapu ya kijijini ina spika za kanisa au za muziki. Gari la utafiti lina inveta. Kwa muda mrefu Mpanda ilikuwa nje ya gridi ya taifa ikitegemea jenereta za dizeli za TANESCO, na vijiji vingi havikuwa na chochote, kwa hiyo gari kugeuka kituo cha umeme ni jambo la kawaida huku. Watu wanafunga alteneta kubwa na betri ya pili. Ni wazo zuri, na ndilo lililochoma magari mengi.

Kwanza ondoa hofu moja: alteneta ya ampea 100 haisukumi ampea 100 kwenye betri yako kwa nguvu. Volti ni zilezile 14 na kitu. Mzigo ndio unaovuta. Hatari iko kwenye waya. Alteneta ya zamani ilikuja na waya wake, mwembamba, unaotosha ampea zake. Ukibadilisha alteneta ukaacha waya, umeweka pampu kubwa kwenye bomba la sindano. Tufanye hesabu. Waya wa shaba wa mita 1 wenye milimita 1 ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172. Chukua mita 3 za waya wa milimita 6 za mraba: 0.0172 mara 3 gawanya kwa 6, unapata omu 0.0086. Pitisha ampea 100. Unapoteza volti 0.86 njiani, na waya unatoa joto la wati 86, kama pasi ndogo iliyofungwa kwenye plastiki, jirani na bomba la mafuta. Badala yake weka waya wa milimita 25 za mraba. Unapoteza volti 0.2, na joto linashuka kwenye wati 21 zilizotawanyika kwenye mita 3 za waya mnene. Ndiyo tofauti yote hiyo.

Na usisahau njia ya kurudi. Umeme unaotoka kwenye chanya lazima urudi kwa njia ya injini, bodi na waya hasi. Watu hununua waya mnene wa chanya kwa fahari, halafu waya wa kutoka injini kwenda bodi ni uleule wa kiwandani, umeota kutu, umekatika nusu. Weka unene uleule pande zote mbili, kwaruza rangi mpaka chuma cheupe kabla ya kubana boti. Kupima: malti mita, mguu mmoja kwenye boti ya chanya ya alteneta, mwingine kwenye chanya ya betri, injini inazunguka, mizigo yote imewashwa. Zaidi ya nusu volti, waya au viungo ni vibaya. Rudia kati ya ganda la alteneta na hasi ya betri.

Madukani kuna waya mnene wa bei rahisi ambao ni alumini iliyovikwa shaba juu. Kwaruza kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini ina ukinzani wa mara 1.6 ya shaba. Waya mgumu wa nyumba, ule wenye uzi mmoja, nao usiuweke kwenye gari. Mtikisiko wa barabara ya changarawe utaukata ndani ya ganda lake na hutauona. Waya wa mashine ya kuchomelea, wenye nyuzi nyingi laini za shaba, ni rafiki yako.

Fyuzi sasa. Hapa nina kidonda. Tulikodi gari kwa kazi ya sampuli za maji, lina inveta ya friji nyuma, imefungwa na fundi ambaye kazi yake kwa nje ilipendeza: nyaya zimefungwa tepu vizuri, fyuzi kubwa inaonekana pembeni mwa inveta. Jioni, tumeshapita Sitalike, ndani ya hifadhi, ikaanza harufu ya plastiki. Halafu moshi kwenye dashibodi. Waya wa chanya ulipita kwenye tundu la bati la ukuta wa injini bila mpira, na bati lilikuwa limeula kidogo kidogo kwa mtikisiko mpaka likaifikia shaba. Fyuzi ilikuwa nzima! Bila shaka ilikuwa nzima. Ilikaa mwisho wa waya, na shoti ilikuwa katikati, kati ya fyuzi na betri. Betri inayoweza kumwaga mamia ya ampea ilikuwa inamwagia bodi moja kwa moja. Dereva alizima injini, akaruka, akachomoa kichwa cha betri kwa kitambaa. Hapo, ndiyo, unachomoa. Tulilala ndani ya gari tukisikiliza viboko, na sampuli za siku 4 zikapata joto, tukazimwaga.

Fyuzi inalinda waya, sio kifaa. Ikae karibu na betri, sentimita 20 hivi, kwenye kila waya mnene unaotoka kwenye chanya isipokuwa wa stata, ukiwemo ule unaokwenda kwenye alteneta. Kwa nini na huo? Kwa sababu diodi ikipiga shoti, betri itamwaga umeme kinyumenyume. Ukubwa wa fyuzi uzidi kidogo uwezo wa alteneta na uwe chini ya uwezo wa waya: alteneta ya 100, waya wa milimita 25 za mraba, fyuzi ya 125. Betri ya pili ikiwa mbali, inakuwa na fyuzi yake pia upande wake, maana sasa waya una vyanzo viwili vya moto. Na kati ya betri mbili weka rilei ya kuzitenganisha, ili friji ya usiku isile betri ya kuwashia.

Wenye malori ya volti 24, mna dhambi yenu ya peke yenu. Betri mbili za 12 zimefuatana, redio ni ya 12, basi mnachukua umeme kwenye betri moja tu. Betri hiyo inashushwa peke yake, lakini alteneta inaona jumla ya 24 na inachaji zote kwa pamoja. Moja inabaki na njaa, mabamba yake yanaganda salfeti. Nyingine inashindiliwa mpaka inachemka. Baada ya miezi kadhaa mnanunua mbili mpya. Kipunguza volti cha 24 kwenda 12 ni rahisi kuliko betri moja.

Mkanda nao uangaliwe. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na alteneta si kamilifu, kwa hiyo injini inatoa karibu nguvu za farasi 3 kwa mkanda mmoja mwembamba. Ukipiga kelele asubuhi, ndiyo unakwambia.

Kabla ya kugusa chochote: toa kwanza kile kichwa cha betri kilichofungwa kwenye bodi, na ukirejesha kiwe cha mwisho. Kwa gari la leo ni hasi. Kwa Land Rover ya kabla ya 1967 ambayo haijageuzwa ni chanya, na wapo wazee wenye gari hizo bado. Sababu: spana ikigusa bodi wakati unafungua upande ulioungana na bodi, hakuna kinachotokea. Ukianza upande mwingine, spana inakuwa waya wa kuchomelea. Na betri iliyotoka kuchajiwa inapumua hidrojeni; asilimia 4 tu ya gesi hiyo kwenye hewa inatosha kulipuka kwa cheche moja, asidi ikakurukia usoni. Kwa hiyo ukimbustia mwenzako, waya wa mwisho ubane kwenye chuma cha injini, mbali na betri.

Betri ya zamani utakayoitoa ina thamani. Wanunuzi wa chakavu wanaipima kwa kilo. Nilikwambia risasi inayeyuka kwa moto wa mkaa. Hilo ndilo linalofanya iwe rahisi kuirudisha kazini, na ndilo linalofanya watu waiyeyushe uani, watoto wakicheza pembeni. Wavuvi wanaitaka kwa uzito wa nyavu, mafundi kwa vichwa vya betri. Mvuke na vumbi lake vinaingia kwenye damu na kwa mtoto vinaharibu ubongo kabla mzazi hajaona dalili. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi hapo na mtoto wake kukutwa na risasi mwilini, aliongoza wakazi kwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea kwenye rufaa miaka mingine.

Kwa hiyo betri yako iliyokufa usiitoboe, usimwage asidi kwenye mfereji, usimpe mtu anayeyeyusha nyumbani. Ikae wima, mahali pakavu, watoto wasipofika, mpaka umpate anayezikusanya nzima kwa ajili ya kiwanda. Maduka mengi ya betri yanapunguza bei ukirudisha ya zamani, uliza. Na ukiwa hapo, nunua na ile malti mita. Fundi wako akiinua spana namba 10 injini ikiwa inanguruma, mpe yeye aishike. Mimi nilimpa mmoja pale karibu na stesheni. Alipima Noah, akapima bajaji, akapima betri ya redio yake, akaniuliza kama namwachia.

Nilimwachia.